Tabia na Kitabu cha Sita

Mimi si mtu wa kuulizwa habari za Bi Tabia Maulidi, maana mimi ni mtani wake na mdomo wangu hauna breki. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzigua wa hapahapa Mkange, na tangu nihamie huku na cherehani yangu hatujapata kusalimiana kwa adabu hata siku moja. Yeye huniita mpagazi, mimi humwambia watu wa pwani walizaliwa wamechoka. Mgeni akitusikia hudhani tumegombana. Lakini hii habari ya vitabu nitaisema bila masihara, kwa sababu niliiona kwa macho yangu nikiwa barazani kwangu, na kila anayeisimulia hapa kijijini anaiharibu.

Bi Tabia analima ufuta. Ni mwanamke mfupi, anatembea kifua mbele kama anayekwenda kudai haki yake, na akishakata shauri usimfuate kumbembeleza, utajichosha bure. Utotoni alisoma Kurani chuoni kwa maalimu mpaka akahitimu, lakini shule ya serikali aliishia darasa la nne. Kwa hiyo Kiswahili anakisoma, ila anakisoma kwa kidole, neno kwa neno, tena kwa mahadhi ya chuoni huku akiyumba mbele na nyuma. Ukimsikia kwa mbali utadhani anasoma Maulidi, kumbe anasoma tangazo la mbolea.

Binti yake, Sophia, alikuwa akiuza chai na chapati kwa madereva wa malori pale Chalinze. Mtoto wa Sophia, Dija, aliishi huku kwa bibi yake akisoma darasa la tatu. Kila Sophia alipokuja kumwona mwanawe alileta sukari, sabuni na kitabu kimoja cha hadithi. Vitabu vyote vilikuwa vya mfululizo mmoja, Watoto wa Kinu, na jumla yake vilikuwa sita. Hadithi yenyewe ni ya Mosi na dada yake Nunu. Bibi yao ana kinu cha zamani. Mtoto akiingia kinuni na bibi akatwanga ardhi kwa mchi mara tatu, basi mtoto yule anajikuta zama za nyuma. Kitabu cha kwanza wanakwenda wakati wa misafara, wakawaona wapagazi wanaingia Bagamoyo na pembe mabegani. Bi Tabia alinisomea ukurasa huo mara tatu kwa makusudi, akaniuliza yupi kati ya wale ni babu yangu. Nikamwambia babu yangu ndiye yule anayefanya kazi, wa kwake ndiye yule aliyelala kivulini. Kitabu cha pili wanakwenda wakati nyumba za mawe zinajengwa, cha tatu wakati wa Wajerumani, na kuendelea. Watoto wa mtaa mzima walikuja kusikiliza. Mimi mwenyewe nilikuwa nasimamisha cherehani.

Sasa, sikilizeni vizuri hapa. Siku moja, kitabu cha tano kilipokwisha na cha sita hakijaja, Dija aliingia kwenye kinu cha bibi yake. Alikaa ukingoni, miguu ndani, na binamu yake Ridhiwani akatwaa mchi akaanza kutwanga ardhi. Bi Tabia alikuwa anatoka shamba, kachoka, ana njaa. Akapiga ukelele kutoka njiani: "Toka humo! Hujui ukikalia kinu mama yako anakufa?"

Hakuna mtoto wa Kizigua ambaye hajaambiwa maneno hayo. Hata kwetu tunayasema. Mimi nimewaambia wanangu, mama yangu aliniambia mimi, na hakuna aliyewahi kukaa akayafikiria. Ni maneno ya kumtoa mtoto kwenye kinu. Dija alitoka, siku ikaisha.

Wiki ile haikuisha. Lori lilimgonga Sophia akivuka barabara Chalinze na birika la chai mkononi.

Msiba ulikuwa mkubwa, watu walitoka mpaka Saadani. Dija hakulia. Watu wakasema ni mtoto, hajaelewa. Lakini mimi nilimwona. Kila wanawake walipoanza kutwanga, yule mtoto alikuwa anainuka na kwenda nyuma ya nyumba, anarudi sauti ya michi ikinyamaza. Baada ya matanga ikawa vilevile. Akakonda. Shuleni mwalimu akasema haandiki, anatazama dirishani tu. Kitu pekee alichouliza ni kitabu cha sita kitakuja lini.

Siku moja alikuja barazani kwangu, akakaa chini ya meza ya cherehani akichezea vipande vya kitambaa. Akaniuliza, "Mama Tarcis, kile kitabu cha sita, si ndiyo wataonyesha mtu anavyorudi siku ya nyuma akaacha kitu alichofanya?" Nikamuuliza ni kitu gani anataka kukiacha. Akanieleza. Alinieleza taratibu kabisa, kama mtu anayeeleza hesabu ambayo jibu lake analijua. Alikalia kinu, mama yake akafa. Akirudi siku ile asikikalie, mama yake atakuja mwisho wa mwezi na kitabu. Jamani, roho ilinipasuka. Nilijichoma sindano kidoleni na sikusikia.

Nilikwenda kumwambia Bi Tabia siku hiyohiyo. Nilidhani atalia, au atanitukana. Aliniuliza kama mtoto amemtaja yeye. Nikasema ndiyo, amesema bibi ndiye aliyemwambia. Akainuka, akaenda kumwita Dija, akamweleza kwamba yale yalikuwa maneno tu, kufa ni amri ya Mungu, hakuna kinu kinachoua mtu. Mtoto akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, bibi." Kesho yake michi ilipolia akaenda nyuma ya nyumba kama kawaida.

Akapelekwa kwa maalimu. Maalimu akamfundisha vizuri, akamwambia kuamini mambo ya kinu ni kumshirikisha Mungu. Hapo ndipo mambo yakaharibika zaidi, maana sasa mtoto alikuwa anaogopa na dhambi juu yake. Bi Tabia akarudi akanikuta, akasema maneno yamekwisha, sasa anakwenda kutafuta hicho kitabu.

Nilimpinga. Nilimwambia, mtani, kile ni kitabu cha hadithi, kimeandikwa na mtu aliyekaa mahali anakunywa chai yake, hakimjui Dija. Akanijibu kwamba anajua. Lakini mtoto anakingoja, na hawezi kuacha kungoja mpaka kije. Nikamfungia mihogo ya njiani.

Chalinze alikwenda moja kwa moja kwa Yusuf, kijana mwenye kibanda cha madaftari na vitabu karibu na stendi, ambako Sophia alikuwa ananunua. Yusuf alipojua huyu ni mama yake Sophia alimpa kiti na kumpa pole, kisha akaona haya. Kitabu cha sita kilikuwapo. Alikuwa amemwekea Sophia chini ya meza. Baada ya msiba akaona hakuna wa kukichukua, akamuuzia mwalimu mmoja wa Ubena, kijiji cha jirani, Mwalimu Genoveva. Kingine hana, na hata Bagamoyo mjini aliulizia, vimekwisha. Bi Tabia akauliza gari la Ubena linapandiwa wapi.

Alifika Ubena mchana, jua la utosi. Mwalimu Genoveva alikuwa darasani, anawasomea watoto kitabu hichohicho, wamefika katikati. Bi Tabia akasimama mlangoni, akaamkiwa na darasa zima, akaitikia, akasema amefuata kitabu cha marehemu mwanawe. Mwalimu alimtoa nje, wakazungumza. Alikuwa mtu mwema, lakini akasema hawezi kuwakatia watoto hadithi njiani, labda mama aje wiki ijayo. Bi Tabia akamwambia hana wiki ijayo, atangoja. Akatandika kanga yake chini ya dirisha akakaa.

Hapa ndipo watu wanaposema uongo, eti alisikiliza hadithi yote dirishani. Hakusikiliza. Mwalimu mwenyewe alinieleza baadaye kwa simu. Alipochungulia alimkuta mama wa watu ameziba masikio kwa vidole, macho ameyafumba, anajisomea aya kwa sauti ili neno lolote lisipenye. Alikuwa amemwahidi Dija kwamba mwisho wa kitabu watausikia pamoja. Mwalimu Genoveva akawasomea watoto mpaka kengele ikapigwa na ikapita, wakamaliza, akatoka akampa kitabu mikononi. Hakumuuliza atakirudisha lini.

Kesho yake alasiri wakakaa barazani kwangu. Bi Tabia aliwafukuza watoto wengine wote, siku ile hakutaka halaiki. Mimi nilijitia nashona kanzu ya mtu. Alianza kusoma, kidole kikitembea, akiyumba, na Dija amejibanza ubavuni pake akifuatisha mstari kwa macho. Walisoma siku hiyo na ya pili yake.

Katika kitabu cha sita Nunu ana jambo linalomsumbua. Zamani alimfungua punda wa babu yao kwa utundu, punda akapotea, babu akatoka kumtafuta kwenye mvua, akaugua, akafa. Sasa Nunu anataka kurudi siku ile ili asifungue kamba. Nilipoyasikia hayo nilisema moyoni, ewe Mungu, kitabu hiki kiliandikwa kwa ajili yetu. Dija akashika ukingo wa kitabu. Bi Tabia sauti yake ilianza kukimbia, mahadhi yakampotea. Nunu akaingia kinuni, mchi ukalia, akajikuta uani mwa babu yake. Akamwona babu anakunywa kahawa. Akajiona mwenyewe, mdogo, anakwenda kwenye kamba ya punda. Bi Tabia akafunua ukurasa. Kidole kikasimama.

Mimi nilikuwa namtazama yeye. Nilimwona amesoma kwa macho mistari miwili mitatu ya mbele. Nikajua kabla hajafungua mdomo. Na nitasema kweli, nilikuwa namwomba kimoyomoyo adanganye. Dija macho yake yalikuwa juu ya uso wa bibi yake, hayakuwa kitabuni. Angeweza kusema lolote, kwamba Nunu alimzuia mwenzake, punda akabaki, babu akapona, mwisho. Mimi ningesema hivyo mara moja bila hata kukohoa.

Bi Tabia akasoma kilichoandikwa. Nunu alipiga kelele, yule Nunu mdogo hakusikia. Alimshika mkono, mkono ukapita kama moshi. Kamba ikafunguka, punda akatoka, babu akaweka kikombe chini akatafuta fimbo yake. Nunu akarudi analia, na bibi yao akamwambia kwamba kinu kinampeleka mtu kutazama tu, kutenda hakimpeleki. Kurasa zilizobaki walizika mchi na kusherehekea arusi ya shangazi yao, sijui kwa nini, nadhani mwandishi alichoka. Bi Tabia alizisoma zote mpaka neno la mwisho, akafunga kitabu.

Dija akauliza, "Basi?"

"Basi," akasema bibi yake. "Hakuna kurudi, mjukuu wangu. Hakuna. Lakini hukumuua mama yako. Kinu hakiui."

Mtoto akamtazama. Hakuwa na ukorofi hata kidogo, ndiyo maana liliuma. Akasema, "Kama hakiui, mbona wewe hukikalii? Mama yako si yupo?"

Na mama yake yupo kweli. Bi Hija, kikongwe wa chumba cha uani, mkavu, mkali, anabwia ugoro na kuwatukana kuku. Miaka yake haijui mwenyewe. Bi Tabia alitazama mlango wa uani, kisha kinu. Nilimwona uso unabadilika. Alikuwa amesema kinu hakiui mara ngapi, na sasa miguu yake mwenyewe haikuinuka. Dija aliliona hilo kama nilivyoliona mimi. Akaondoka akaenda nyuma ya nyumba, na siku hiyo hakuna aliyekuwa anatwanga.

Tulibaki wawili. Nikamwambia, mtani, usifanye wazimu. Bi Hija ni mzee, anaweza kufa wiki ijayo kwa uzee wake tu, na akifa baada ya wewe kukalia kinu, mtoto huyu ndiyo umemzika mzimamzima. Yeye akaniambia, "Hayo najua, Scola." Miaka yote ile hakuwahi kuniita jina langu. "Ninaogopa. Nilidhani siamini, kumbe naamini. Lakini nikikaa nisikae, mtoto anakwisha mbele ya macho yangu." Akapangusa mikono kwenye kanga kama ametoka kuosha vyombo, akaenda chumba cha uani. Nikamfuata, umbea na huruma vikinisukuma pamoja.

Alimpigia mama yake magoti akamweleza yote, tangu kinu mpaka kitabu. Bi Hija alisikiliza huku anagonga kopo la ugoro. Akauliza nani alimwambia mtoto maneno yale. Bi Tabia akasema ni yeye. Akauliza na yeye aliambiwa na nani. Bi Tabia akainama, akasema, "Wewe, mama." Kikongwe akalifunga kopo, akaliweka chini. Sikuona usoni pake kama naye anaamini au haamini, na mpaka leo sijui. Kisha akasema, "Kakikalie. Lakini nipe chakula kwanza. Kama ni kufa, nife nimeshiba."

Tukampikia. Kesho yake mchana, wali na kisamvu cha nazi, na kisamvu tulikitwanga sisi wawili katika kinu kilekile, kisha tukakiosha na kukifuta. Bi Hija alitolewa nje, akawekwa mkekani, akala akamaliza, akaomba tena. Dija aliitwa kutoka nyuma ya nyumba. Alipoelewa kinachotaka kufanyika alimshika bibi yake kanga, akasema hakumaanisha, alikuwa anauliza tu, bibi asikae. Alikuwa anamvuta kwa nguvu zake zote. Bi Tabia akambandua vidole kimoja kimoja, kwa upole, akamkalisha mkekani karibu na Bi Hija, akamwambia amshike mkono mzee asimwachie.

Akaenda akakaa. Alikaa kitako, wazi, kama mtu aliyekalia kiti chake nyumbani kwake. Midomo ilikuwa inacheza, anasoma dua. Nilikuwa naogopa mimi Mkristo ambaye mama yangu alishakufa Tabora zamani. Dija alimkodolea macho Bi Hija hakupepesa. Bi Hija akacheua, akauliza kama kuna chai. Bi Tabia akabaki palepale juu ya kinu mpaka chai ikachemka, ikanywewa, na kikongwe akalalamika kwamba sukari haitoshi.

Msidhani mtoto alipona pale. Alichokifanya ni kuanza kulinda. Kila asubuhi kabla ya shule alikwenda mlangoni kwa Bi Hija, akasimama, akasema, "Shikamoo." Kisha akangoja. Akisikia marahaba ndipo anakwenda. Siku moja mzee alikuwa na ugoro mdomoni akachelewa kuitikia, mtoto akapiga yowe mtaa mzima ukatoka. Tangu hapo Bi Tabia akawa anaamka mapema, anampa mama yake maji asukutue, anamwambia, mama, mtoto anakuja, itikia upesi. Na alimwomba Mungu, namsikia ukutani, ampe mama yake msimu mmoja tu. Alimlisha uji, alimfunika, alimkataza kukaa kwenye upepo. Bi Hija akanenepa kwa matunzo, akazidi ukali.

Ufuta ukapandwa, ukapaliliwa, ukakauka. Dija akaanza kuandika shuleni. Akaanza kula. Siku moja nilimwona amekaa uani wanawake wanatwanga, hakuinuka, ingawa alikuwa amejiziba masikio. Bi Tabia alimwona pia, akaendelea kutwanga.

Wakati wa mavuno, asubuhi moja, tulikuwa uani Bi Tabia na mimi tunafunga mafungu ya ufuta. Wenzake Dija walikuwa wanamwita njiani, wamechelewa, wanacheka. Akatoka ndani mbio, mkoba umemning'inia, akapita mbele ya mlango wa uani akapaza sauti, "Shikamoo, Bi Hija," na hakusimama. Tukasikia miguu yake inakwenda, na vicheko, mpaka vikaishia kwenye kona ya shule.

"Marahaba," akaitikia Bi Hija ndani. Akaitikia tena kwa sauti zaidi, kisha akatoka mpaka mlangoni, akakuta hakuna mtu, akakunja uso. "Tabia, huyu mtoto wako kaanza utovu wa adabu. Ananiamkia hangoji hata niitikie?"

Bi Tabia aliweka fungu la ufuta chini. Alilitazama, akalikalia, akajifunika uso kwa kanga. Tangu siku ya lori sikuwa nimemwona akilia, alikuwa hana nafasi. Sasa akalia kwa sauti, anamwita Sophia, Sophia mwanangu, na Bi Hija akawa anauliza kuna nini, nani amekufa, na mimi nikamshika mkono mzee nikamwambia hakuna, mama, leo ndiyo analia msiba.